Barafu ya Mbuta: Siku Moja Maabara, Kisumu

Jirani yangu akisikia nafanya kazi maabara huninyoshea kidole nimtoboe, nimpime malaria. Nimemweleza mara ngapi kwamba mimi sishiki damu, napima mafuta yaliyoyeyuka majini. Hucheka tu: "Omera, mafuta na maji yamepatana lini?"

Yanapatana, ila kidogo mno. Tolueni, mojawapo ya haidrokaboni (kemikali za kaboni na hidrojeni) zilizomo kwenye petroli, huyeyuka kama nusu gramu katika lita ya maji yenye nyuzi 25. Heksani, haidrokaboni nyingine ya petroli, haifiki hata huko, ni kama miligramu 10 tu. Lakini lori la mafuta likipinduka kando ya mto, kinachoelea utakiona ukizoe. Kilichoyeyuka ndicho kinachomfikia samaki bila kuaga.

Saa 1 asubuhi. Chupa yangu ina maji chini na tolueni juu, imekorogwa tangu juzi ndani ya beseni lililopozwa hadi nyuzi 10. Imekorogwa polepole, maana ukiwa na pupa tolueni huvunjika kuwa vitone visivyoonekana, nawe utavihesabu kana kwamba vimeyeyuka. Nazima kikorogeo, nauacha mchanganyiko utulie hadi saa 7. Kuosha vyombo, daftari, chai na mandazi.

Saa 4 na dakika 20, stima ikapotea.

Jenereta tunayo. Dizeli hakuna. Sisi wapima mafuta hatuna mafuta. Chumba kina nyuzi 29 na kipimajoto cha beseni kinapanda: 10.1, 10.3, 10.6. Wengi hudhani joto likizidi kila kitu huyeyuka zaidi, kama sukari kwenye chai. Tolueni si sukari. Maji yakitoka kwenye baridi kupata joto, kwanza tolueni huyeyuka kwa kiasi kinachozidi kupungua, ikafika chini kabisa mahali fulani kati ya nyuzi 15 na 20, ndipo ikaanza kupanda. Kwenye maji baridi kuyeyuka kwake hutoa joto. Kwenye maji ya moto huvuta joto. Ukiichora grafu yake utaona bonde la kina kifupi sana, na upande wake wa baridi ndio nimekuwa nikiutafuta wiki tatu, katika mji usiojua baridi.

Nikamwachia mwanafunzi wa mazoezi kipimajoto, nikarukia boda hadi Dunga, ufukweni kwa wauza samaki.

"Mama, niuzie barafu."

"Barafu ni ya mbuta. Unataka mbuta?"

"Nataka barafu tu."

Akanitazama miguu hadi kichwa, kisha akawageukia wenzake wakasemezana Kijaluo, wakacheka. Mbuta wakioza nitamlipa mimi? Nikasema ni ya kupoza maji. Maji ya kunywa? La, ya kupimia. Hapo nikawa nimeharibu kabisa. Mwishowe alinipa mifuko miwili, kwa bei ya samaki, na mwenye boda njia nzima akiniuliza samaki wenyewe wako wapi, daktari.

Beseni lilikuwa limefika 12.4. Tukakaa tukitia vipande kimoja kimoja, kikizidi linashuka hadi 9.8, tunatia kikombe cha maji ya bomba, tunarudi. Mikono imekufa ganzi, maabara inanuka mbuta. Sijui ni saa ngapi mwanafunzi alipoacha kuongea. Saa 7 ilipita bila sisi. Baada ya kuyumba vile ilibidi maji yatulie upya.

Stima ilirudi jioni. Nikachota kutoka bomba la chini ya chupa, nikajaza vichupa pomoni bila kuacha hewa juu, maana tolueni ikipata nafasi hutoroka kama mvuke. Mashine ya kromatografia, inayotenganisha kemikali na kuzipima, nayo ina madaha yake, lazima ipashwe kwanza ndipo isikie. Vipimo vitatu, na vyote vitatu juu kidogo ya vile vya nyuzi 20 vya wiki iliyopita. Kidogo, lakini juu. Mwanafunzi alikuwa amelala kwenye stuli, sikumwamsha.

Kesho ni nyuzi 5. Nimeshampigia mama wa Dunga: mifuko minne. Ameuliza kama safari hii nitachukua na mbuta. Nimekubali mmoja.