Wastani wa chuo niliufikisha na bado nikakwama: yangu na IELTS

Mi Kiingereza nakijua, na hicho ndo kilichoniponza. Naangalia muvi bila maandishi, nasoma chochote, sasa mtihani wa nini? Nikajisajili IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, aina ya Academic maana ndo ya vyuo, nikapitia maswali ya mfano siku mbili tatu, nikaenda.

Matokeo: kusikiliza 7.5, kusoma 7, kuongea 6.5, kuandika 5.5. Ukijumlisha ukagawa kwa nne inakuja 6.625, wao wanaisogeza kwenye nusu iliyo karibu, so 6.5. Chuo kilitaka 6.5. Nikashangilia, nikawapigia simu nyumbani, jioni nafungua barua ya chuo niambatanishe cheti ndo naona mstari wa chini: kila kipengele kisipungue 6. Jamani nilikaa chini.

Kuna utaratibu wa kurudia kipengele kimoja tu ndani ya siku 60 kwa waliofanya kwenye kompyuta, nikafurahi, nikawauliza chuo, wakasema wao hawapokei. Basi ni kurudia vyote vinne.

Hapo ndo nikaanza kujiuliza nimeanguka wapi. Kuandika ni saa moja, maswali mawili. La kwanza unaelezea grafu au jedwali, maneno yasipungue 150, la pili ni insha ya maneno 250, na hilo la pili lina uzito mara mbili ya la kwanza. Mi kwenye grafu nilikaa dakika 35 naipamba, kila namba nimeitaja utadhani nalipwa kwa namba, insha nikaiandika mbio mbio na ikakatika kabla sijahitimisha. Yaani nilitumia muda mwingi pale penye maksi chache!

Nikawa naandika insha moja kila jioni, saa ya mezani nimeiseti, dakika 20 za grafu ikilia naacha hata sentensi iwe katikati, 40 zinabaki za insha. Nikampa dada mmoja aliyewahi kuufanya anisomee, akasoma akanirudishia: "Kiingereza kizuri, ila swali hujajibu, umeandika unachokijua." Iliuma ila ni kweli, swali linauliza vitu viwili mi najibu kimoja halafu napiga porojo. Kuanzia hapo nikawa kabla sijaandika naandika pembeni swali linataka nini hasa.

Vingine sikuhangaika navyo sana. Kusikiliza sauti inapita mara moja tu, na wakisema jibu lisizidi maneno mawili ukaweka matatu umekosa hata kama ni sahihi, spelingi pia wanahesabu. Kuongea ni dakika 11 hadi 14 na mtu, akikukata katikati usipaniki, anafuata muda wake tu, mara ya kwanza nilidhani nimemboa. Na lafudhi ya Kiingereza cha Uingereza hawaitaki, ongea ya kwako ueleweke.

Mara ya pili kuandika 6.5. Kusikiliza kukashuka hadi 7, sijui nilikuwa nawaza nini, ila wastani haukushuka na chuo wakapokea.

Mshikaji wangu yake ilikuwa mbaya zaidi. Anaomba kuhamia Kanada kwa Express Entry, mfumo wao wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi, akafanya Academic kama mimi kwa sababu alisikia hiyo ndo ngumu kwa hiyo ndo bora. Kumbe kule wanataka General Training, aina nyingine ya IELTS, na hawaangalii wastani kabisa, wanachukua alama ya kila kipengele peke yake. Cheti chake kizuri tu, na kinadumu miaka miwili, ila kwa hiyo safari hakimsaidii chochote. Ameshajisajili tena, safari hii General Training, na ile saa ya mezani nimempa yeye.