Safari ya bure iliyonitoa euro 60

Mtu akikwambia usafiri wa Luxembourg ni bure muamini, ila muulize kwanza bure yenyewe inaanzia wapi. Mi sikuuliza. Nlikua Trier, Ujerumani, kwa binamu yangu, akaniambia vuka bana ukatembee, ni hapo tu, treni haimalizi hata saa moja na wale jamaa tangu Machi 2020 hawatozi nauli nchi nzima, basi, treni, tramu. Nikavaa koti nikadandia.

Hata sijakaa vizuri kaja konda, dada mmoja mpole kweli, anaomba tiketi. Nikamwambia kwa kujiamini kabisa, naenda Luxembourg. Akasema sawa, ila hapa bado ni Ujerumani, bure inaanza Wasserbillig, mpakani. Nikamuonyesha mto dirishani, nikamwambia dada si mpaka ndo ule pale? Akacheka, na huku anacheka anaandika. Euro 60. Konda wa daladala za Tanga ungemwambia kaka nisaidie, mngenuniana kidogo yakaisha, huyu kanipa karatasi yangu na kunitakia safari njema juu!

Sasa kilichonipeleka. Nimekaa dirishani benki Tanga miaka sita, nahesabu hela za watu, ndo maana nlitaka kuiona hii nchi ambayo mkoa wa Tanga peke yake unaimeza mara kumi, watu laki sita na ushee, halafu mifuko ya uwekezaji, ile ya kuchangishia hela za watu na kuziwekeza pamoja, iliyosajiliwa pale inashika zaidi ya euro trilioni 5, mbele yao ni Marekani tu. Nlitegemea kuona dhahabu barabarani labda. Nikashuka nikakuta ukungu na kahawa ya euro nne na nusu, kikombe kidogo kama cha kahawa chungu pale barabara ya ishirini, na kashata hakuna.

Tramu ikanivusha daraja jekundu hadi Kirchberg, huko ndo yamejaa maghorofa ya vioo, mahakama ya Ulaya ipo huko na benki ya uwekezaji ya Ulaya pia. Nikasimama kituoni nampigia wife, nalalamika hizo euro 60 kwa sauti maana si hakuna anayenielewa. Mara nasikia nyuma yangu, "Pole mwanangu, bamekukamata ku treni?"

Nikageuka, mama mtu mzima, ana mfuko wa Rambo na mtandio. Wa Bukavu, Kongo. Simu nikaikata hapohapo (wife alinuna siku mbili). Kumbe anafanya usafi maofisini, anaingia alfajiri kabla ya wenyewe. Nikamwamkia shikamoo akacheka, kwao hawana mambo hayo. Akanishika mkono kama mtoto, akanipeleka hadi kwenye mlango wa jengo moja, pembeni kuna majina ya makampuni yamepangana kutoka juu mpaka chini. "Ona majina yote ile. Mimi njo nasafishaka mule. Meza ni tatu." Nikamuuliza wafanyakazi wako wapi sasa? Akaniambia wengi wa mji huu "banakuya asubui kutumika, mangaribi banarudi kwabo," Ufaransa, Ubelgiji, Ujerumani. Ni kweli, wanaovuka mpaka kila siku kuja kazini ni zaidi ya laki mbili.

Ujanja wa Luxembourg ukiuangalia ni mmoja tu, jirani akifunga mlango wao wanafungua wa kwao. Mwaka 1929 walitunga sheria ya makampuni ya kushikilia hisa za makampuni mengine, kodi karibu na hakuna. 1963 Marekani ya Kennedy ikataka kuwakata kodi wanaonunua hati za mikopo za nje, mwaka huohuo kampuni ya barabara za Italia ikakopa dola milioni 15 na hati zake zikaorodheshwa Luxembourg, biashara hiyo ikahamia Ulaya jumla. Benki Kuu ya Ujerumani ikazibana benki zake ziweke akiba isiyo na riba, zikafungua matawi ng'ambo ya mto, mto uleule niliomuonyesha konda. 1988 wakawa wa kwanza kuingiza kanuni ya Ulaya ya mifuko ya uwekezaji kwenye sheria zao. Usafi mtupu haukuwepo lakini, 2014 zilivuja karatasi za mikataba yao ya kodi na makampuni makubwa, dunia ikapiga kelele, na 2015 wakaanza kuwapa majirani taarifa za wateja wao. Mbele ya mama wa Bukavu sikuyasema haya, tuligawana andazi lake akawahi basi.

Mchana nikaenda Belval, kusini, kwenye matanuru ya chuma. Hawa watu walikua wanakula chuma, soko likaanguka miaka ya 70, tanuru la mwisho likazimwa 1997. Mawili wameyaacha yamesimama, chuo kikuu kimejengwa kuyazunguka, la tatu waliliuza China likafunguliwa nati kwa nati. Nikakaa pale kwenye baridi nakumbuka mkonge. 1964 tulitoa zaidi ya tani laki mbili, babu yangu alikata majani hayo mpaka vidole vikawa kama magome, ikaja kamba ya nailoni, na mashine za shamba alilofanyia kazi zipo mpaka leo zimeota nyasi, hakuna aliyezijengea chuo wala aliyeziuza China. Sisi nyakati hizo mlango upi tulikua tunaufungua? Baridi ikanizidi, nikainuka.

Kurudi nikashuka Wasserbillig kama mtu mwenye akili timamu, nikapambana na mashine ya tiketi inayoongea Kijerumani, nikakata mpaka Trier, treni iliyofuata nikaipanda na tiketi nimeishika mkononi ionekane. Hakuna konda aliyepita.