Mpini wa Burroughs

Jana nimeishika kwa mara ya kwanza mashine ya kujumlisha ya Burroughs, kwa mzee mmoja anayekusanya vifaa vya ofisi za zamani. Nzito kwelikweli! Unabonyeza tarakimu, unavuta mpini wa pembeni, krrak, namba inachapwa kwenye karatasi.

Nilivuta kwa pupa, kisha taratibu. Mtambo wa ndani ukaenda kwa mwendo wake ule ule. Hapo ndipo nilipomvulia kofia William Seward Burroughs. Huyu alikuwa karani wa benki huko Auburn, jimbo la New York, akishinda na safu za namba. Hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi wake wa mashine hii, alipata mwaka 1888, lakini mashine zake za mwanzo zilitoa majibu tofauti kutegemea nani kavuta mpini na kwa nguvu gani. Dawa aliyoipata ni silinda ndogo yenye mafuta, inayotuliza mkono. Basi! Karani mwenye haraka na mwenye kusitasita wakapata jumla moja.

Alifariki 1898, kabla mashine zake hazijaenea duniani. Inaniuma sana. Wahasibu wenzangu, mkikutana nayo popote, ombeni muivute.