Nyuma ya kalenda

Jana nilirudi kuiona ile nyumba ya Tanga, safari hii na mjomba. Mara ya kwanza nilikwenda na dalali tu, nikatoka nimeshaipenda: mwembe uani, kisima, vyumba vitatu, milango inayonukia rangi mpya. Mjomba kafanya useremala maisha yake yote. Nilipomsifia ile rangi aliguna. "Wamepaka fremu, kuta wameziacha. Kwa nini?"

Sikuwa na jibu.

Mwenye nyumba ni bibi mjane. Tulipiga hodi, nikamwamkia, akatukaribisha kahawa. Mjomba akaomba radhi, akapiga magoti mlangoni na bisibisi yake. Aligonga kwa mpini, akianzia juu. Juu mbao ilijibu ko, ko, ko. Karibu na sakafu sauti ikabadilika, kama unagonga boksi tupu. Akaligeuza bisibisi, akasukuma kidogo, likazama lote. Mbao ilishaliwa, rangi ndiyo iliyosimama.

Niliona haya. Tunatobolea mtu nyumba yake, naye yuko pale anatumiminia kahawa.

Darini hakukuwa na mengi. Kenchi nzima, mbao zenye dawa, mavi ya panya hapa na pale. "Panya wanafukuzika," alisema, akashuka. Alichokitazama sana ni dirisha la stoo, palipojaa mbawa za kumbikumbi. Utotoni mvua za kwanza zikinyesha tuliwakimbilia na sufuria, tukawakaanga. Haikunipitia kichwani kwamba anayeangusha mbawa ndani ya nyumba ni mchwa anayetafuta pa kuanzia maisha. Kama mimi tu.

Sebuleni kulikuwa na kalenda ya mwaka 2017, imetundikwa chini mno, usawa wa kiti. Nikajisemea, haya, hapa ndipo walipoficha. Mjomba akaishusha taratibu. Nyuma yake kijia cha udongo, chembamba kama penseli, kimepanda kutoka sakafuni. Mchwa hapendi mwanga wala ukavu, kwa hiyo hujijengea njia yake mwenyewe.

"Hiyo aliitundika marehemu," bibi alisema. "Alikuwa hawezi tena kusimama, akitaka kuisoma akiwa kitini." Akainama kutazama ukuta. Kama alikuwa anajua, basi anajua kuigiza kuliko watu wote niliowahi kuwaona.

Mjomba akakwangua kipande cha urefu wa kidole. Ndani pakavu, hamna mdudu. "Tutarudi Jumapili, mama. Kama wamehama, patabaki hivi hivi. Kama wapo, watakuwa wameziba." Akairudisha kalenda kwenye msumari wake, akainyoosha.

Njiani aliniambia mchwa wana dawa na fremu zinabadilishwa, ila bei ya dalali ni ya nyumba nzima, si ya nyumba hii. Akalala mpaka tulipofika.

Leo Ijumaa. Dalali ametuma ujumbe mara tatu tangu asubuhi: kuna mteja kutoka Dar, ana fedha mkononi. Sijamjibu.