Adel Imam na muhuri uliokosekana

Nimerudi saa nane mchana miguu inaniuma, mara ya tatu hii nafuatilia karatasi za mdogo wangu kwenye ofisi moja na mara ya tatu naambiwa muhuri haupo, njoo kesho. Mama kanitazama usoni tu, hakuuliza kitu, kanimiminia chai kasema kaa hapo tumwangalie Adel, yule mwigizaji mchekeshaji wa Misri. Mi Kiarabu cha Misri nakishika nusu nusu, yeye ana miaka mingi hapa Maskati, basi ananitafsiria huku anachambua mchele kwenye sinia.

Tukaweka ile filamu yake ya 1992, Al-Irhab wal-Kabab, yaani Ugaidi na Kababu. Baba wa watu anataka tu kuwahamisha wanawe shule, anapanda anashuka ngazi za Mogamma, lile jengo lililokuwa na ofisi za serikali pale Tahrir, Cairo, karani kila akifuatwa yuko kwenye mswala, mara zogo, mara bunduki ya askari iko mikononi mwake na polisi wamezunguka jengo zima. Anaulizwa, unadai nini? Hana anachodai jamani! Anawageukia mateka nyinyi mnataka nini, na wanachotaka ni kababu, sio hizi zetu za kukaanga, ile nyama ya kuchoma. Watu wana hamu ya nyama tu. Adel pale hafanyi kituko chochote, macho yamelegea, mdomo wazi kidogo, na uso ule nimeuona leo kwenye foleni, kwa mzee aliyekuwa mbele yangu na faili lake la plastiki.

Nadhani ndo maana amedumu. Kazaliwa 1940, kasomea kilimo Chuo Kikuu cha Cairo, na sura ya wale mastaa wa mapenzi wa zamani hakuwa nayo. Miaka ya 60 alikuwa karani wa wakili kwenye mchezo wa jukwaani wa Fouad el-Mohandes, mchekeshaji mkubwa wa Misri wakati ule, kipande kidogo tu, ila maneno yake "balad bita'et shahadat sahih", kweli hii nchi ya vyeti, mama anayasema mpaka leo. Halafu mwaka 1988, wenye siasa kali walipowapiga wasanii wa kijijini huko Asyut, kusini mwa Misri, yeye akabeba mchezo wake kutoka Cairo akaenda kuucheza hukohuko. Mimi hilo naliheshimu kuliko filamu zake zote, hata ile ya jengo la Yacoubian, 2006, anapozunguka usiku na uzee wake akililia mji wake ulivyoharibika, na pale niliwahi kulia.

Mwishoni anawaambia mateka tokeni, yeye abaki auawe. Wanakataa, wanamweka katikati yao wanatoka naye, askari wameingia na silaha zao na hawajui gaidi ni yupi. Mama hapo akaacha kuchambua, sinia mapajani, chuya mbili bado ziko kiganjani.

"Mwangalie," akasema, "anatembea kama mtu aliyetoka kazini."