Maji ya Watu Sita: Siku Yangu ya Kwanza kwa Familia ya Kijapani

Wanafunzi wanaojiandaa kwenda Japani kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi huniuliza kuhusu lugha, baridi na chakula, na wengine huuliza ni zawadi gani inayomfaa mama mwenye nyumba. Sijawahi kuulizwa kuhusu bafu. Hata hivyo, ningeambiwa nichague jambo moja tu la kumweleza mtu kabla hajapanda ndege, ningechagua bafu, kwa sababu ndiko nilikoanza kuelewa, siku ile ile ya kwanza, tofauti iliyopo kati ya kukaribishwa kama mgeni na kuhesabiwa miongoni mwa watu wa nyumbani.

Nilifika mwishoni mwa Machi, kwa kuwa mwaka wa shule wa Kijapani huanza Aprili. Ndege ilitua Chubu, uwanja uliofunguliwa mwaka 2005 juu ya kisiwa cha kutengenezwa katika Ghuba ya Ise, na maofisa wa uhamiaji wakanikabidhi kadi ya ukaazi papo hapo. Mwenye kadi hiyo hutakiwa kuandikisha anwani yake katika ofisi ya manispaa ndani ya siku 14 tangu ahamie katika makazi yake. Baba mwenyeji aliponipokea, baada ya kuinamiana na kusalimiana, jambo la kwanza alilonieleza ni kwamba alikwisha kuomba ruhusa kazini ili anipeleke huko manispaa. Nikatambua kuwa nimefikia kwa mtu asiyependa kuacha shughuli ilale.

Safari ya kwenda nyumbani ilikosa ule ugeni niliokuwa nimejiandaa nao. Tulikuwa katika mkoa wa Aichi, yaliko makao makuu ya Toyota, katika mji ambao uliitwa Koromo mpaka mwaka 1959 ulipobadilishwa jina na kupewa la kampuni. Usukani ulikuwa upande wa kulia, magari yakapita kushoto, na karibu kila gari lililotupita nililijua kwa sura. Kisha baba alipowasha gari, sauti ya mwanamke ikazungumza kutoka kwenye dashibodi, sauti ile ile ambayo kila aliyepanda teksi au gari la mtumba Afrika Mashariki amewahi kuisikia ikisema maneno yasiyosikilizwa na mtu. Kwetu huachwa iseme mpaka ichoke. Baba alitoa kadi ya kulipia ushuru wa barabara kuu, akaichomeka mahali pake, na mwanamke, kumbe alikuwa akiidai kadi hiyo tu, akanyamaza. Nilicheka sana, na Kijapani changu hakikunitosha kueleza kilichonichekesha.

Nyumbani walinisubiri mama, binti aliyekuwa sekondari ya awali, mdogo wake wa kiume wa shule ya msingi, na bibi mzaa baba. Habari za kuvua viatu sitazirefusha, kwani kila kitabu cha wageni kinazo: sehemu ya kuingilia ina sakafu iliyo chini kidogo kuliko ya ndani, viatu hubaki hapo vikielekezwa mlangoni, ndani huvaliwa ndara, chooni zipo ndara zake za peke yake, na kwenye chumba chenye mikeka ya tatami hakuingiwi na ndara za aina yoyote. Kisichosemwa sana ni kwamba nyumba nyingi za huko hazina mfumo wa kupasha joto nyumba nzima. Hupashwa chumba kilichokaliwa na watu, na korido huachwa na baridi yake, kwa hiyo jioni ya Machi familia nzima huwa imekusanyika mahali pamoja, na mgeni hana pa kujificha hata akitaka.

Nami nilitaka. Sikuwa nimeonewa, nilikuwa nimekirimiwa kupita kiasi. Sikuruhusiwa kubeba sanduku langu wala kusogeza kiti, na kila nilipoinua macho nilikuta jozi tano za macho zikisubiri kuona kama nimeridhika. Katika fomu za maombi nilikuwa nimeandika kwamba sili nyama ya nguruwe wala kitu chenye pombe, nikidhani ni maelezo mafupi yasiyo na usumbufu, kumbe mama alikuwa ameyafanyia kazi kwa bidii. Alinipangia pembeni ya jiko pakiti na chupa za vyote alivyopikia, akanionyesha maandishi ya viungo kwa kidole, kimoja baada ya kingine, kisha akanionyesha chupa ya mirin aliyokuwa ameiweka kando. Kiungo hicho cha mchele chenye utamu huingia katika mapishi mengi ya Kijapani, na kile halisi huwa na kilevi cha takriban asilimia 14. Mgeni asiyekijua angekila kwa nia njema kabisa. Mwenyeji anayefahamu hadi hapo amesoma, na mimi nilikula samaki wake kwa amani, ingawa kwa vijiti nilikuwa wa mwisho kumaliza.

Wahenga wetu walimpa mgeni siku mbili, ya tatu wakamkabidhi jembe. Bibi hakuwa na subira hiyo. Tulipoondoka mezani alinitupia kitambaa cha kufutia vyombo, akaninyooshea kidole rundo la bakuli, na mama alipoanza kupinga, akampungia mkono kama anayefukuza nzi. Wapo watakaoona kwamba mama ndiye aliyekuwa na adabu na bibi aliikosa. Mimi naona bibi alijua zaidi. Mtu aliyekaa akihudumiwa saa nne mfululizo kwenye nyumba ya watu asiowajua hachoki kwa safari peke yake, bali pia kwa kutokuwa na la kufanya kwa mikono yake. Nilifuta bakuli zote, bibi akinirudishia zilizobaki na unyevu, na hapo ndipo nilipoanza kupumua.

Sasa bafu. Katika nyumba nyingi za Kijapani choo huwa na chumba chake, tofauti na bafu, na bafu lenyewe lina sehemu mbili. Kwanza ni sakafu yenye bomba la mvua na kigoda, ambapo mtu huketi akajisugua kwa sabuni na kujisuuza mpaka povu lote limeisha. Baada ya hapo, akiwa amekwisha kuwa safi, huingia kwenye beseni refu lenye maji ya moto ya nyuzi 40 au zaidi kidogo, akajizamisha mpaka mabegani, bila sabuni wala kitambaa. Maji hayo hayamwagwi anapotoka. Hufunikwa kwa kifuniko ili yasipoe, na anayefuata huingia humo humo, hivyo hivyo hadi mtu wa mwisho, na baadhi ya familia kesho yake huyavuta kwa mpira mpaka kwenye mashine ya kufulia nguo. Binti ndiye aliyenieleza yote haya kwa michoro, akiwa amechora kijitu chenye nywele kama zangu, alama ya mkasi, yaani hapana, juu ya sabuni iliyomo ndani ya maji, na duara kubwa, yaani ndiyo, kwenye kigoda.

Zamu ya kwanza hupewa mgeni, nayo ni heshima yenye uzito, kwa kuwa wote wengine wataoga katika kile atakachokiacha. Nilikaa kwenye kigoda kile muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilijisuuza, nikajikagua, nikajisuuza tena, nikiwaza kwamba nyuma yangu wapo mtoto mwenye shule, mzee, na baba aliyeendesha gari siku nzima, na kwamba wameniamini na maji yao kabla hawajajua hata jina langu hutamkwaje vizuri. Sijui heshima nyingine ambayo ningepewa siku ile ikanilazimisha kuwafikiria wote watano kwa wakati mmoja. Nilipotoka, mtoto wa kiume alikuwa tayari amesimama korido na taulo, akaingia bila hata kunitazama, na huko kutotazamwa kulinifurahisha kuliko tabasamu zote za mchana.

Kabla ya kulala baba alinipitisha nyumba nzima kwa jambo moja la mwisho, ambalo ni tetemeko la ardhi. Pwani ile iliwahi kupigwa vibaya Desemba 1944, na bibi anayo masimulizi yake kutoka kwa wazazi wake. Baba alinionyesha tochi iliyo kando ya kitanda changu, mahali pa kujikinga chini ya meza, na mita ya gesi ya nje, ambayo hujifunga yenyewe mtikisiko ukiwa mkubwa. Alinisikilizisha mlio wa tahadhari ambao simu hutoa, ili nisije nikausikia mara ya kwanza usiku wa manane. Akafungua kabati la akiba, ambamo maji hupangwa kwa kipimo cha lita 3 kwa mtu kwa siku, kwa siku zisizopungua 3, na juu ya katoni aliyoinunua juma lile palikuwa na jina langu kwa herufi za kalamu nene. Mwisho alinieleza kwamba tukipotezana mchana, kila mmoja akiwa alipo, hatutafutani barabarani; wote tunakutana kwenye uwanja wa shule ya msingi ya mtaani.

Kwa hiyo anayekwenda, na asome michoro ya bafu kabla ya kuondoka. Kuhusu mahali pa kukutana asingoje kuambiwa, kwani si kila mwenyeji hukumbuka kumweleza mtu aliyefika na usingizi machoni. Aulize usiku wa kwanza, na ikiwezekana kesho yake atembee mpaka hapo kwa miguu ili aijue njia bila simu.