Mtazame kiuno

Leo Ijumaa, na bado namsikia yule mzee: "Huyo siyo. Mtazame kiuno."

Ilikuwa Jumatatu. Nimetoka zamu saa moja asubuhi, usingizi umenijaa machoni, lakini nikapita njia yangu ya kando ya mto Waveney, huku Uingereza, kwa sababu ni Aprili, na tangu wiki iliyopita nilikuwa nawangoja mbayuwayu. Karibu na geti la shamba, juu ya waya, kandege keusi kenye tumbo jeupe. Mzee wa kofia ya kijani, yule yule, amesimama na darubini yake. Furaha ikanishinda, nikamwambia: "Mbayuwayu wa kwanza!" Kwa Kiingereza, bila shaka. Naye, bila salamu, bila hata kunigeukia, akanijibu hivyo.

Kiuno kilikuwa cheupe kama kimepakwa chokaa. Mbayuwayu wa Waingereza, swallow, ana mgongo wa buluu nyeusi mtupu, koo jekundu, na mkia wenye nyuzi mbili ndefu. Huyu anaitwa martin, kama jina la mtu. Nikasema ahsante, nikaenda zangu.

Kukosea hakuniumi. Lakini mimi nimekulia Pangani, na pale barazani kwa bibi kila kilichojenga kwa udongo chini ya paa kilikuwa mbayuwayu, basi. Bibi hakuruhusu mtu aguse kiota, hata mlango uchafuke vipi. Kwa lugha yangu nilikuwa sawa! Nimemjibu yule mzee mara ishirini, nikifua, nikiwageuza wagonjwa usiku, hata jioni ile kifungua mimba alipopata chuo na nyumba nzima ikalia vigelegele.

Jana nikapita tena. Mvua hatujaiona siku nyingi. Nikamkuta ameinama na kopo la kumwagilia, anamimina maji njiani, pasipo na mmea wowote. Akanipungia mkono nisimame. Nikasimama. Wakashuka watatu kwenye lile tope, wakawa wanalichota kwa midomo, mabawa juu yasichafuke. Ndipo nikaiona miguu: vinyoya vyeupe hadi vidoleni, kama mtoto aliyevalishwa soksi.

"Kiota kimoja ni matonge kama 1,000," akaninong'oneza. "Ardhi ikikauka, watajenga na nini?" Tangu 2021 wamo katika orodha nyekundu ya ndege wa Uingereza walio hatarini. Kwake, chini ya paa, vilikuwa viota saba. Vimebaki viwili. Kumbe siku ile alikuwa anawahesabu, na mimi nikamkatiza.

Halafu akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza nadhani. "Kesho na keshokutwa sipo. Utawamwagia?"

Nimewamwagia leo, kopo mbili. Wamekuja wanne.